Vidonge vya kladribini kwa MS ya kurudiarudia: hatua kwa hatua kwa mgonjwa aliye Uganda

Swali linalorudi kuliko yote ni hili: "Nimeambiwa nimeze dawa siku tano, nikae karibu mwezi mzima, nimeze siku tano nyingine, halafu basi mpaka mwakani. Daktari hajakosea kweli?" Hajakosea. Kladribini, inayouzwa kwa jina la Mavenclad, ndivyo inavyotumika. Katika miaka miwili siku za kumeza vidonge hazizidi 20. Kazi yenyewe iko kwenye vipimo vya kabla na vya baada, na huko ndiko wengi wanakokwama, hasa anayeishi Arua au Gulu huku daktari wake wa neva akiwa Kampala.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye daktari wa neva amekwisha kumwambia kwamba ana maltipo sklerosisi ya kurudiarudia (MS), na kwamba kladribini inafikiriwa kwa ajili yake. Uamuzi wa kuanza ni wa daktari. Lakini kuna mambo mengi yaliyo mikononi mwako wewe na mtu anayekuuguza, na hayo ndiyo tunayoyapanga hapa.

Nadharia kidogo tu. Katika MS, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Kladribini hupunguza limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu zinazofanya shambulio hilo, kisha mwili huzijenga upya polepole. Katika utafiti wa CLARITY uliohusisha wagonjwa 1,326, waliopewa dozi inayotumika leo walipata wastani wa mashambulio 0.14 kwa mwaka, na waliopewa vidonge visivyo na dawa walipata 0.33. Ulaya iliidhinisha dawa hii mwaka 2017 na Marekani mwaka 2019. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa nyingine mbili za MS, glatirama na rituksimabu. Kabla ya hapo orodha hiyo haikuwa na dawa hata moja ya kuzuia mashambulio ya MS. Kuwemo kwenye orodha, hata hivyo, si sawa na kuwepo kwenye rafu ya famasia, kwa hiyo suala la kuipata lina hatua yake hapa chini.

Nani asiianze

Usianze ikiwa una VVU, kifua kikuu kinachoendelea, homa ya ini ya virusi inayoendelea, saratani inayoendelea, au figo zinazochuja chini ya mililita 60 kwa dakika. Usianze ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Usianze ukiwa unatumia dawa nyingine za kushusha kinga kwa muda mrefu, kama methotreksati, azathioprini au siklosporini. Walio chini ya miaka 18 haiwahusu.

Mwenye VVU asikate tamaa kwa kusoma hapa. Zipo dawa nyingine za MS, na daktari atazipima kulingana na hali yake. Kibaya ni kuficha majibu ya kipimo ili upewe hii.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daktari wa neva atakayekufuatilia kwa miaka miwili, si wa kukuandikia dawa tu.
- Maabara moja iliyo karibu na kwako inayopima hesabu kamili ya damu (CBC) na kuchapisha majibu.
- Daftari au faili la kuhifadhi kila karatasi ya majibu, pamoja na picha zake kwenye simu.
- Orodha ya kila dawa unayotumia, ikiwemo ya kununua dukani na ya mitishamba.
- Kadi zako za chanjo.
- Njia ya uzazi wa mpango iliyokwisha kuanza kufanya kazi.
- Miezi miwili hadi mitatu ya maandalizi. Anayetaka kuanza wiki ijayo hajaelewa bado.

Hatua ya 1: Pima uzito na hesabu vidonge

Kidonge kimoja kina miligramu 10. Dozi ya miaka miwili ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya mwili, nusu mwaka wa kwanza na nusu mwaka wa pili. Kila mwaka una wiki mbili za dawa: moja mwanzoni mwa mwezi wa kwanza wa matibabu, nyingine mwanzoni mwa mwezi wa pili. Pima uzito bila viatu, kwenye mizani ya hospitali, kisha tazama mstari wako. Namba ya kwanza ni vidonge vya wiki ya kwanza, ya pili ni vya wiki ya pili:

- Kilo 40 hadi chini ya 50: 4 na 4
- Kilo 50 hadi chini ya 60: 5 na 5
- Kilo 60 hadi chini ya 70: 6 na 6
- Kilo 70 hadi chini ya 80: 7 na 7
- Kilo 80 hadi chini ya 90: 8 na 7
- Kilo 90 hadi chini ya 100: 9 na 8
- Kilo 100 hadi chini ya 110: 10 na 9
- Kilo 110 na kuendelea: 10 na 10

Mwenye uzito chini ya kilo 40 asijipangie chochote. Hilo ni la daktari.

Vidonge vya wiki hugawanywa kwa siku nne au tano, na siku zenye viwili hutangulia. Vinne: kimoja kwa siku, siku nne. Vitano: kimoja kwa siku, siku tano. Sita: 2, 1, 1, 1, 1. Saba: 2, 2, 1, 1, 1. Nane: 2, 2, 2, 1, 1. Tisa: 2, 2, 2, 2, 1. Kumi: viwili kila siku. Siku ya vidonge viwili, vimeze vyote kwa pamoja. Usimeze kimoja asubuhi na kingine jioni.

Mfano: mwenye kilo 63 anahitaji vidonge 6 kwa wiki moja ya dawa, 12 kwa mwaka, 24 kwa safari nzima. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kulipia, kwa sababu dawa ni ghali na kukosea kwa sanduku moja kunauma.

Onyo: uzito wa mwaka jana hautumiki. Pima upya kabla ya mwaka wa pili. Na kidonge hiki hakikatwi, hakisagwi, hakitafunwi, hata kama mtu amekushauri "kubana matumizi" kwa nusu nusu.

Hatua ya 2: Fanya vipimo vyote, kwa mpangilio huu

Tunaanza na vile vinavyochukua muda mrefu.

*Kifua kikuu.* Hapa kwetu usikubali kuambiwa "hukohoi, basi huna." Kinachotafutwa si ugonjwa unaoonekana tu, bali pia kifua kikuu kilicholala, ambacho huweza kuamka limfosaiti zikishuka. Utahitaji kipimo cha ngozi cha Mantoux au kipimo cha damu cha IGRA, pamoja na eksirei ya kifua. Ukiwa na makohozi, yapimwe kwa GeneXpert, mashine ya maabara inayotafuta vijidudu vya kifua kikuu. Jua kwamba chanjo ya BCG uliyochomwa utotoni inaweza kufanya Mantoux ivimbe hata kama huna kifua kikuu, kwa hiyo majibu yasomwe na anayejua historia yako. Kikipatikana kilicholala, utapewa dawa za kinga kwanza, mfano isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6, na kladribini itasubiri hadi daktari aridhike. Kusubiri huko si kupoteza muda.

*Homa ya ini B na C.* Mara nyingi maabara hupima HBsAg peke yake, yaani alama ya virusi vya homa ya ini B vilivyomo mwilini sasa. Omba pia kingamwili ya kiini, inayoandikwa anti-HBc. HBsAg ikiwa hasi na anti-HBc ikiwa chanya, maana yake uliwahi kukutana na virusi hivyo na vinaweza kuamka. Kwa watu wa kaskazini, West Nile na Karamoja, ambako homa ya ini B imeenea zaidi kuliko sehemu nyingine za nchi, kipimo hiki cha pili kisirukwe.

*VVU.* Pima upya hata kama ulipima miezi michache iliyopita, na rudia kabla ya mwaka wa pili.

*Tetekuwanga.* Kipimo cha kingamwili (VZV IgG). Usitegemee kumbukumbu ya mama peke yake kwamba "uliugua ukiwa mdogo."

*Hesabu kamili ya damu.* Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa hiyo tulia. Daktari anataka idadi halisi ya limfosaiti, si asilimia. Karatasi ikionyesha asilimia tu, hesabu mwenyewe: jumla ya chembe nyeupe mara asilimia ya limfosaiti. Mfano: chembe nyeupe 4.2 na limfosaiti 18%. 4.2 × 0.18 = 0.756, yaani 756 kwa mikrolita. Kwenye karatasi 0.8 ni sawa na 800, na 0.5 ni sawa na 500. Kabla ya mwaka wa kwanza limfosaiti ziwe katika kiwango cha kawaida cha maabara. Kabla ya mwaka wa pili zisipungue 800. Usichanganye limfosaiti na neutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe: Waafrika wengi wana neutrofili za chini kiasili bila ugonjwa wowote, na mstari huo mwekundu kwenye karatasi huwatisha watu bure.

*Figo na ini.* Kreatinini kwa figo. Kwa ini: ALT, AST, ALP na bilirubini. Hivi vya ini hurudiwa kabla ya mwaka wa pili.

*Picha ya MRI ya kichwa*, iliyopigwa ndani ya miezi 3 kabla ya kuanza. Omba CD ya picha, usibaki na ripoti peke yake. Siku ukipata dalili mpya, daktari atataka kulinganisha picha na picha.

*Mimba*, kwa kila mwanamke anayeweza kushika mimba, kabla ya kila mwaka wa dawa.

*Uchunguzi wa saratani* wa kawaida kwa umri wako, kama wa shingo ya kizazi na matiti. Kladribini ina onyo kuhusu saratani, hivyo uchunguzi huu uendelee pia baada ya matibabu.

Hatua ya 3: Maliza chanjo

Chanjo hai zisichomwe ndani ya wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza, wala baada ya kuanza hadi chembe nyeupe zirudi kawaida. Chanjo ya homa ya manjano ni hai, ya surua ni hai, na ya tetekuwanga ni hai. Kama una safari itakayodai kadi ya manjano, sema mapema, kwa sababu kuchomwa Entebbe siku ya safari katikati ya matibabu ni hatari. Kipimo cha tetekuwanga kikionyesha huna kinga, chanjo hiyo hutangulia na dawa inasubiri wiki 4 hadi 6. Haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto Uganda, kwa hiyo anza kuitafuta mapema.

Hatua ya 4: Pitia kila dawa unayotumia

Kuna kanuni mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya muda. Siku za kumeza kladribini, dawa nyingine yoyote ya kumeza ikae mbali nayo saa 3 au zaidi, kabla au baada. Kidonge hiki kina kiungo kinachoweza kushikamana na dawa nyingine tumboni na kuvuruga jinsi zinavyoingia mwilini. Ratiba rahisi: baklofeni ya misuli inayokaza saa moja asubuhi, kladribini saa nne, dawa nyingine kuanzia saa saba mchana. Iandike, ibandike ukutani.

Ya pili ni ya dawa zinazogombana na kladribini yenyewe. Kwa hizi kupishanisha saa hakutoshi, na uamuzi wake haufanywi nyumbani. Mwambie daktari kama unatumia:

- Nifedipini ya presha. Wengi wanaitumia bila kuifikiria kama "dawa kubwa," kumbe inaweza kubadili kiasi cha kladribini mwilini. Daktari ataamua kuibadili kwa siku hizo 4 au 5. Usiiache mwenyewe, presha haina msamaha.
- Karbamazepini, ya kifafa au ya maumivu ya neva. Nayo huathiri damu.
- Lamivudini au zidovudini. Anayetumia vidonge vya kujikinga na VVU aseme waziwazi, kwa sababu baadhi vina lamivudini ndani yake.
- Steroidi. Za siku chache kutibu shambulio zinaruhusiwa. Za kila siku kwa muda mrefu ni habari nyingine.
- Mitishamba ya aina yoyote. Muda wa vipimo vya ini na damu si muda wa kunywa kitu kisichojulikana kiasi chake.

Hatua ya 5: Ipate dawa kwa njia halali

Anzia kwa mfamasia wa hospitali ya daktari wako. Kama dawa itaagizwa nje, kibali cha kuiingiza kinapitia Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa (NDA), na hospitali au famasia yenye leseni ndiyo inayojua karatasi zinazohitajika: barua ya daktari, maelezo ya ugonjwa, idadi kamili ya vidonge. Usimtume ndugu anayerudi na ndege akubebee kwenye begi bila karatasi. Usinunue vidonge vilivyofunguliwa kutoka kwenye sanduku, hata kwa bei ya huruma: huwezi kujua vilikaa wapi wala kama ni vyenyewe.

Ukipokea, kagua mbele ya mfamasia: jina, miligramu 10, tarehe ya mwisho wa matumizi, idadi, na kama sanduku limefungwa. Lipa au hakikisha upatikanaji wa wiki zote mbili za mwaka kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Kuanza na nusu ya dozi ya mwaka kwa matumaini kwamba nyingine "itapatikana" ni kosa la kusikitisha, maana utakuwa umeshusha kinga bila kupata faida kamili.

Haihitaji friji. Adui yake ni unyevunyevu. Iache ndani ya sanduku lake, mahali pakavu, juu, mbali na watoto. Usiihamishie kwenye kopo wala kwenye kisanduku cha dawa za wiki.

Hatua ya 6: Chagua wiki

Chagua wiki ambayo utakuwa nyumbani, huna homa, huna safari ya usiku kwa basi. Ukiwa na maambukizi yoyote makali, malaria ikiwemo, dawa husubiri hadi upone. Dawa inamezwa na chakula au bila chakula, kwa hiyo anayefunga Ramadhani anaweza kumeza baada ya kufuturu, mradi saa iwe ileile kila siku na zile saa 3 zihesabiwe. Ukiweza, panga wiki zote mbili nje ya mfungo ili usibanwe.

Weka tarehe kwenye kalenda zote kwa mkupuo. Ukianza 2 Februari, wiki ya pili inaanza mwanzoni mwa Machi, kipimo cha damu cha miezi 2 ni mwanzoni mwa Aprili, cha miezi 6 ni mwanzoni mwa Agosti, na mwaka wa pili unaanza Februari inayofuata.

Hatua ya 7: Siku ya kumeza

1. Andaa glasi ya maji kwanza. Osha mikono na uikaushe kabisa. Kidonge hakina ganda la kukilinda, hivyo mkono wenye maji hukiyeyusha na dawa inabaki kwenye ngozi.
2. Soma kalenda: leo ni kimoja au viwili?
3. Fungua sanduku kwa kubonyeza vishikizo vya pembeni vyote viwili kwa pamoja huku ukivuta trei hadi ikwame. Limetengenezwa hivyo ili mtoto asiweze. Mwenye ganzi vidoleni asaidiwe kufungua.
4. Weka kiganja chini ya stripu, sukuma kidonge kiangukie mkononi. Usikitoe kabla ya saa yake.
5. Meza papo hapo, kizima, kwa maji.
6. Usiguse macho wala pua. Osha mikono kwa sabuni na maji tiririka.
7. Rudisha trei, weka alama kwenye kalenda.

Anayekusaidia akiwa mjamzito, kazi ya kushika vidonge apewe mwingine. Kidonge kikidondoka mezani au kikivunjika, osha sehemu hiyo vizuri. Vilivyobaki au vilivyoharibika virudishwe famasia, visitupwe chooni wala kwenye shimo la taka.

Hatua ya 8: Kinga ya mimba

Kladribini inaweza kudhuru mtoto tumboni, na hili linawahusu wanaume pia. Mwanamke na mwanamume wote wazuie mimba wakati wa matibabu na kwa miezi 6 baada ya kidonge cha mwisho cha kila mwaka. Anayetumia vidonge au sindano za homoni aongeze kondomu siku za dawa na kwa wiki 4 baadaye. Mwanamume anayetaka mtoto asubiri miezi hiyo 6 ipite. Ukishika mimba katikati, usimeze kingine, nenda kwa daktari siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Vipimo vya miezi 2 na 6

Limfosaiti hufika chini kabisa karibu miezi 2 baada ya kuanza, wakati ambao wewe unajisikia vizuri na huoni sababu ya kwenda maabara. Nenda. Si lazima kusafiri hadi Kampala: pima kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wako, tuma picha ya karatasi kwa daktari, na usitulie mpaka ajibu.

Chini ya 500, vipimo vitarudiwa mara kwa mara hadi zipande. Hili si geni: katika tafiti lilitokea kwa wagonjwa 20 hadi 25 kati ya 100, na lilikuwa la muda. Chini ya 200, daktari atafikiria kukupa asiklovia ya kuzuia mkanda wa jeshi. Ukihitaji kuongezewa damu kipindi hiki, kwa ajali au uzazi, waambie wahudumu kwamba umetumia kladribini, kwa sababu damu hiyo inapaswa kupigwa mionzi kwanza. Beba karatasi ndogo yenye maneno hayo kwenye pochi.

Hatua ya 10: Mwaka wa pili

Rudia uzito, damu, ini, VVU, kifua kikuu, homa ya ini na mimba. Limfosaiti zikiwa 800 au zaidi, wiki mbili nyingine zinafuata kwa utaratibu uleule. Zikiwa chini, subiri na upime tena. Unaweza kuchelewa hadi miezi 6. Zisipofika 800 ndani ya muda huo, kladribini inaishia hapo.

Ukimaliza mwaka wa pili, mwaka wa tatu na wa nne hauna vidonge. Wengi hapa hupatwa na wasiwasi na kutaka kuongeza. Usiongeze. Kliniki na MRI zinaendelea kama daktari atakavyopanga.

Mambo yakienda kombo

*Nimesahau kidonge.* Ukikumbuka siku hiyohiyo, meza. Siku ikishapita, usimeze dozi mbili kwa pamoja. Meza ile iliyosahaulika kesho yake, na wiki yako inaongezeka siku moja. Ukisahau siku mbili mfululizo, inaongezeka siku mbili.

*Nimetapika baada ya kumeza.* Usimeze kingine. Andika saa uliyomeza na saa uliyotapika, mpigie daktari.

*Nimemeza zaidi ya kiasi.* Nenda hospitali na sanduku. Hakuna dawa maalumu ya kuondoa sumu yake, ila damu yako itahitaji kufuatiliwa kwa karibu.

*Nina homa.* Pima malaria siku hiyohiyo, lakini usiishie hapo. Kipimo kikiwa hasi, usinunue dawa ya malaria "kwa tahadhari" na kurudi kulala. Waambie una kinga iliyoshuka, wakutafute maambukizi mengine. Kipimo kikiwa chanya katikati ya wiki ya dawa, mpigie daktari kabla ya kidonge kinachofuata. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au kupungua uzito: makohozi yapimwe.

*Homa imepanda na mguu wa zamani umelegea tena.* Joto la mwili huamsha dalili za zamani kwa muda bila shambulio jipya. Tibu homa kwanza. Dalili zikibaki zaidi ya saa 24 homa ikiwa imeshuka, au zikiwa mpya kabisa, huenda ni shambulio la kweli na daktari anahitajika.

*Malengelenge yenye kuuma upande mmoja wa mwili au uso.* Huo huenda ni mkanda wa jeshi. Tafuta matibabu ndani ya siku 3 za mwanzo, ndipo asiklovia husaidia zaidi. Ukikaribia jicho, nenda saa hiyohiyo.

*Macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kichefuchefu kisichoisha.* Acha kumeza, nenda ukapimwe ini.

*Nywele zinapungua, au kuna vipele vidogo.* Hutokea, na mara nyingi ni kidogo. Mwambie daktari kwenye miadi. Vipele vinavyoambatana na uso kuvimba au kukosa pumzi ni dharura.

*Kuchanganyikiwa, kusema kwa shida, kuona vibaya au udhaifu wa upande mmoja unaozidi siku hadi siku.* Usikae nyumbani ukidhani ni MS tu. Daktari atataka kuondoa uwezekano wa maambukizi ya ubongo yanayoitwa PML, na hapo ndipo ile CD ya MRI ya mwanzo itakapohitajika.

*Sanduku limelowa mvua.* Usianike vidonge juani. Mrudishie mfamasia avikague, na mjulishe daktari kama wiki itasimama kwa sababu hiyo.